Presha, sukari na moyo visipotulia: jinsi ya kupima thairoidi na kuyatumia majibu

Mtu anameza dawa za presha kama alivyoagizwa, na bado namba ya chini imegota juu ya 95. Mwingine ameacha vyakula vya kukaanga, anatembea kila jioni, na kolesteroli haitaki kushuka. Wa tatu ana kisukari, na insulini ile ile aliyoizoea imeanza kumwangusha usiku. Kabla ya kurundika dawa nyingine juu ya zilizopo, daftari la kila mmoja wao linapaswa kuwa na jibu la kipimo kimoja cha damu: TSH. Maelezo haya ni kwa wagonjwa wa maradhi sugu wanaohudhuria kliniki Kisumu, Nakuru, Kakamega na kwingineko magharibi mwa Kenya, na kwa jamaa wanaowasindikiza.

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Hutoa homoni mbili, T4 kwa wingi na T3 kidogo, kisha mwili wenyewe huigeuza T4 kuwa T3, ambayo ndiyo inayofanya kazi kwenye moyo, ini, misuli na mifupa. TSH, homoni inayoiamrisha thairoidi ifanye kazi, haitoki kwenye tezi hiyo. Inatoka kwenye pituitari, chini ya ubongo, nayo ni kama msimamizi wa kibarua: wafanyakazi wakilegea anapaza sauti, wakizidisha kasi ananyamaza. Ndiyo maana namba hii husomwa kinyume. TSH ikiwa juu, thairoidi imelegea. Ikiwa chini sana, thairoidi imezidi.

Nani aulizie kipimo hiki

Usisubiri uvimbe shingoni. Kuna watu wengi wenye rovu, ambalo wengi huliita goita, na homoni zao ziko sawa kabisa. Na kuna wengi zaidi ambao shingo ni laini lakini homoni zimevurugika.

Dalili za upungufu wa homoni huja polepole: uchovu, kuongezeka uzito, choo kigumu, ngozi kukauka, sauti kukwaruza, hedhi nzito, huzuni isiyo na sababu, na kuhisi baridi. Nakuru baridi ya Julai inamgusa kila mtu, kwa hiyo dalili hii hupita bila kuonekana. Lakini Kisumu, mtu anayevaa sweta saa saba mchana wenzake wakijipepea, huyo apimwe. Homoni zikizidi mambo hugeuka: joto, jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio hata ukiwa umekaa, kuharisha, kukosa usingizi, na kukonda ilhali unakula vizuri. Huku kwetu mtu akikonda watu hukimbilia kufikiria TB au virusi vya UKIMWI. Ni haki kupima vyote viwili, ila vikikosekana usiishie hapo.

Kuna pia wanaostahili kipimo hata bila dalili. Mwenye kisukari cha aina ya 1 apimwe anapogunduliwa na tena kila baada ya mwaka 1 au 2, kwa sababu kinga ile ile iliyoshambulia kongosho hupenda kuigeukia thairoidi. Mwenye kolesteroli ya juu apimwe kabla ya kuanzishwa dawa za kuishusha. Apimwe yeyote ambaye ECG, kipimo cha umeme wa moyo, imeonyesha moyo unadunda bila mpangilio, au aliyeanza kushindwa kwa moyo bila sababu inayoeleweka. Wanaotumia amiodaroni ya mapigo ya moyo au litiamu ya maradhi ya akili wapimwe kabla ya kuanza na takriban kila miezi 6. Wenye TB sugu wanaotumia ethionamidi wapimwe pia, maana dawa hiyo huikandamiza thairoidi. Na mtu aliyeanza ARV, akanawiri, kisha baada ya mwaka mmoja hadi mitatu akaanza kukonda na kutetemeka huku virusi vimedhibitiwa, thairoidi iangaliwe mapema: kinga ikirudi na nguvu, wakati mwingine huishambulia tezi hii.

Kabla ya sindano

Anzia kwenye kliniki yako, upate fomu iliyoandikwa "TSH na free T4", yaani T4 huru, isiyobebwa na protini. T4 ya jumla iepuke kama una njia nyingine. Mimba na vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni huongeza protini inayobeba homoni, hivyo T4 ya jumla hupanda bila ugonjwa; figo zinazovuja protini hufanya ishuke bila ugonjwa. T4 huru haiyumbishwi kwa urahisi namna hiyo.

Hospitali kubwa za rufaa ni Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ile ya kaunti mjini Nakuru, ya kaunti Kakamega, na Moi huko Eldoret. Pia kuna maabara za kibinafsi mijini. Piga simu kwanza uulize kama kipimo kinafanyika siku hiyo au sampuli husafirishwa Nairobi, na majibu hutoka lini. Uliza pia SHA, bima ya afya ya serikali, italipia nini kabla damu haijatolewa.

Huhitaji kufunga kula kwa ajili ya TSH. Kama siku hiyo hiyo unapimwa sukari ya kufunga, basi usile kwa saa 8. Nenda asubuhi, na safari zijazo nenda saa zile zile, kwa kuwa TSH huwa juu usiku na alfajiri kisha hushuka mchana. Kama tayari unatumia levothairoksini, tembe za T4 za kutibu upungufu, ibebe mkobani, umeze baada ya damu kutolewa. Ukimeza kabla, T4 huru itaonekana juu kuliko kiwango chake cha kawaida. Mililita 5 kutoka kwenye mshipa zinatosha.

Mambo mawili huharibu kipimo mara nyingi, na yote huonekana ya kawaida tu. La kwanza ni biotini, ile ya vidonge vya nywele, kucha na ngozi vinavyouzwa madukani na mitandaoni. Dozi kubwa hudanganya mashine nyingi: TSH hushuka kwa uongo, T4 na T3 hupanda kwa uongo, na mtu mwenye afya kabisa huonekana ana thairoidi iliyozidi. Acha vidonge hivyo angalau siku 2 kabla ya kupimwa, na useme kama unavitumia.

La pili ni ugonjwa mkali. Mtu aliyelazwa kwa malaria kali, nimonia au upasuaji hushuka T3, na mara nyingine TSH na T4 pia, bila thairoidi kuwa na kosa. Akianza kupona TSH hupanda kwa muda kupita kiwango. Jibu la siku hizo huwaanzishia watu dawa ya maisha wasiyoihitaji. Kama hakuna dalili za wazi za thairoidi, subiri wiki 6 baada ya kupona.

Kusoma majibu

Kila maabara huandika kiwango chake kando ya jibu, tumia hicho. Kwa mtu mzima TSH huwa takriban 0.4 hadi 4.0. Angalia vipimo vya T4 huru kwa makini: maabara moja huandika pmol/L, nyingine ng/dL. Jibu la 15 katika pmol/L na jibu la 1.2 katika ng/dL ni kitu kimoja. Wapo wanaohama maabara, wakaona namba imeporomoka kutoka 15 hadi 1.2, wakaingiwa na hofu bure. Zidisha ng/dL kwa 12.9 upate pmol/L.

TSH juu na T4 huru chini ni upungufu kamili, na matibabu huanza. TSH juu na T4 huru ya kawaida ni upungufu mdogo. Hapa haraka haina baraka: rudia kipimo baada ya miezi 2 au 3, kwa kuwa wengi hurudi kawaida wenyewe. TSH ikizidi 10 mara mbili, kwa kawaida dawa huanzishwa. Ikiwa kati ya 4 na 10, uamuzi hutegemea umri, dalili, mimba, na kama kingamwili zinazoishambulia thairoidi zipo kwenye damu. Mzee wa miaka 80 mwenye TSH ya 6 na asiye na dalili hapaswi kusukumwa kwenye dawa. TSH hupanda kidogo na umri.

TSH chini na T4 huru juu ni thairoidi iliyozidi. TSH chini na T4 ya kawaida, omba T3, kwa sababu mara nyingine T3 ndiyo pekee iliyopanda.

Mchanganyiko unaopotezwa ni huu: T4 huru chini, na TSH chini au ya kawaida. Msomaji wa haraka huona TSH iko ndani ya kiwango na kuandika "sawa". Si sawa. Msimamizi mwenyewe, yaani pituitari, anaweza kuwa ndiye aliyeumia. Mwulize mwanamke kama aliwahi kuvuja damu nyingi sana wakati wa kujifungua, maziwa yakakosa kutoka na hedhi isirudi. Huyo apimwe na kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, kabla ya kupewa levothairoksini. Kama kotisoli yake imepungua na akaanzishwa dawa ya thairoidi peke yake, anaweza kuzidiwa vibaya sana.

Namba hizi na maradhi mengine

Kwa upande wa moyo, upungufu hubana mishipa na kupandisha namba ya chini ya presha, huku ini likishindwa kuondoa LDL, kolesteroli mbaya, kwenye damu. Ndiyo sababu kolesteroli hukataa lishe. Tena mwenye upungufu akipewa statini, dawa za kushusha kolesteroli, misuli humuuma kwa urahisi zaidi. Tibu thairoidi kwanza, kisha upime mafuta upya homoni zikitulia. Huenda statini isihitajike, au dozi ndogo ikatosha. Homoni zikizidi, namba ya juu ndiyo hupanda, mapigo huenda mbio, na moyo unaweza kuanza kudunda bila mpangilio. Utafiti wa Framingham huko Marekani uliwafuatilia watu wa miaka 60 na zaidi kwa miaka 10, na waliokuwa na TSH ya 0.1 au chini yake walipata tatizo hilo takriban mara 3 ya wenzao. Mapigo ya namna hiyo hutengeneza damu iliyoganda moyoni, na kipande kikipanda ubongoni ni kiharusi. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ajue kwamba homoni zikizidi dawa hiyo hupata nguvu zaidi. INR, kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, ipimwe mara kwa mara dozi ya thairoidi inapobadilika.

Kwa mwenye kisukari hesabu ni ndefu kidogo. Homoni zikizidi, sukari hupanda. Zikipungua, insulini hukaa mwilini muda mrefu kuliko kawaida, na sukari huanguka, hasa usiku. Ukianza levothairoksini mambo hugeuka tena: mahitaji ya insulini yanaweza kuongezeka, hivyo kwa wiki za kwanza pima kwa kidole mara nyingi zaidi na uandike. Jihadhari pia na HbA1c, kile kipimo cha sukari ya miezi 3. Upungufu wa thairoidi usiotibiwa hufanya chembe nyekundu zidumu zaidi, na HbA1c husoma juu kuliko sukari halisi. Kanda ya ziwa ina jambo la ziada: selimundu. Mwenye selimundu, na wakati mwingine hata mwenye kurithi jeni moja tu, HbA1c yake inaweza kusoma vibaya. Kwa watu hawa daftari la vipimo vya kidole ni ushahidi bora kuliko karatasi ya HbA1c.

Figo nazo: upungufu wa thairoidi hupandisha kreatinini, taka ambayo figo huichuja, na sehemu ya nguvu ya figo iliyopungua hurudi mgonjwa akitibiwa. Mifupa huathirika na ziada ya homoni, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi, ikiwemo ziada inayotokana na dozi kubwa mno ya levothairoksini. TSH ya 0.05 kwa mtu anayetumia dawa haimaanishi dawa inafanya kazi vizuri sana. Dozi imezidi, isipokuwa kwa mgonjwa wa saratani ya thairoidi ambaye daktari wake ameishusha kwa makusudi.

Levothairoksini na chai ya asubuhi

Dozi kamili kwa mtu mzima ambaye tezi yake haitoi kitu ni takriban mikrogramu 1.6 kwa kila kilo. Mwenye kilo 65 hufika karibu na 100. Mzee, au mwenye ugonjwa wa moyo, huanza na 12.5 hadi 25, kisha dozi hupandishwa kila wiki 4 hadi 6. Ukikimbiza, unaweza kuamsha maumivu ya kifua.

Dawa nyingi hushindwa mezani. Tembe humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Chai ya maziwa, kahawa, na uji uliochanganywa na soya hupunguza dawa inayoingia kwenye damu. Utaratibu unaoshikika ni tembe saa kumi na mbili asubuhi, chai saa moja. Kama unaamka na kukimbilia matatu, hamishia dawa usiku: angalau saa 3 baada ya mlo wa mwisho, kila siku vivyo hivyo. Wakati wa Ramadhani njia hiyo ya usiku huwafaa wengi.

Vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia zenye aluminiamu au magnesiamu zikae mbali kwa saa 4. Mama mjamzito anayepewa tembe za chuma na foliki kliniki azimeze baada ya chakula cha jioni. Dawa nyingine huivunja levothairoksini haraka: rifampisini ya TB, na za kifafa kama fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni. Ukianzishwa mojawapo, TSH irudiwe baada ya wiki 6 hadi 8, na tena ukiimaliza.

Joto na unyevu huharibu dawa hii. Iache kwenye karatasi yake ya kiwandani, isimiminwe kwenye bahasha, wala isikae dirishani, karibu na jiko au ndani ya gari lililoegeshwa juani. Soma pakiti: nyingi husema chini ya nyuzi 25, na mchana wa Kisumu hupita hapo kwa urahisi. Chagua kona yenye ubaridi zaidi chumbani. Kemisti akikupa chapa tofauti na uliyoizoea, andika tarehe na upime baada ya wiki 6.

Wiki 6 hizo zina sababu. T4 hupungua nusu kila baada ya siku 7 hivi, kwa hiyo kiwango kipya hakitulii kabla ya zaidi ya mwezi, na TSH hufuata nyuma. Kupima baada ya wiki 2 na kubadilisha dozi ni kuikimbiza namba isiyosimama. Dozi ikishatulia, mara moja kwa mwaka inatosha.

Mwanamke anayetumia levothairoksini akikosa hedhi na kipimo cha mimba kikasoma ndiyo, asingoje kliniki ya mwezi ujao. Kawaida dozi huongezwa kwa asilimia 25 hadi 30 mara moja, yaani tembe 9 kwa wiki badala ya 7. Panga jambo hili na daktari kabla ya kushika mimba, liandikwe kwenye kadi. TSH hupimwa kila wiki 4 hadi katikati ya mimba, na baada ya kujifungua dozi hurudi ilivyokuwa, ikapimwa tena wiki 6 baadaye.

Kabimazoli na homa

Hili tunaomba lisomwe mara mbili na kila anayeishi eneo la malaria. Kabimazoli hushusha homoni zilizozidi, na ni dawa nzuri. Kwa watu wachache, hasa miezi 3 ya kwanza, huua chembe nyeupe za damu. Ishara yake ni homa, koo kuuma, au vidonda mdomoni. Kisumu au Busia, homa humaanisha dawa ya malaria kutoka kemisti na kulala. Kwa anayetumia kabimazoli hiyo ni hatari kubwa. Acha tembe siku hiyo hiyo, nenda hospitali, sema jina la dawa, na udai hesabu kamili ya damu pamoja na kipimo cha malaria. Malaria ikipatikana, hesabu ya damu bado ifanyike. Chembe nyeupe zikiwa sawa, daktari atakuambia uendelee. Anayepanga kushika mimba aseme mapema, kwa kuwa miezi 3 ya kwanza hutumiwa dawa nyingine. Propranololi, inayopewa kutuliza mapigo na kutetemeka, haimfai mwenye pumu.

Chumvi, muhogo na sukuma wiki

Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 za madini joto (ayodini) kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha 250. Chumvi ya mezani ya Kenya huwekwa madini hayo kisheria. Mwenye presha anayeambiwa apunguze chumvi asihofu: kijiko cha chai kilichosawazishwa, gramu 5, kwa siku nzima kinatosha madini joto na hakivuki kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na mvuke, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Munyu wa majivu wa kulainishia mboga za kienyeji na chumvi ya mifugo si mbadala. Samaki wa ziwa ni chakula kizuri, lakini sato na omena hawana madini joto mengi kama samaki wa bahari.

Sukuma wiki na kabeji zilizopikwa hazidhuru thairoidi ya anayepata madini joto ya kutosha. Kuleni. Muhogo mchungu ndio unahitaji uangalifu, hasa pale ugali wake unapoliwa kila siku: menya, loweka siku kadhaa, anika hadi ukauke, ndipo usage. Sumu isipotolewa, mwili huigeuza kuwa kemikali inayozuia madini joto kuingia kwenye tezi.

Mwani unaouzwa kama dawa ya kila kitu, na vidonge vya kupunguza uzito visivyoeleza vilivyomo, viepukwe. Mwani unaweza kuwa na madini joto mengi kupita kiasi, na wingi huo huivuruga thairoidi kama upungufu unavyoivuruga. Baadhi ya vidonge vya kukonda vimewahi kukutwa na homoni ya thairoidi yenyewe.

Hali za kukimbilia hospitali

Mgonjwa wa upungufu akianza kusinzia asiamke vizuri, mwili ukawa baridi na pumzi nzito, hasa baada ya kuacha dawa au kupata maambukizi, apelekwe usiku huo. Vivyo hivyo mgonjwa wa homoni zilizozidi mwenye homa kali, mapigo yanayozidi 130, kutapika na kuchanganyikiwa. Mtoto mchanga ambaye manjano haiishi baada ya wiki 2, analala kupita kiasi, hanyonyi vizuri na choo kimefunga, apimwe TSH bila kuchelewa. Akianza tembe ndani ya wiki 2 za kwanza ubongo hukua vizuri, na kila wiki inayopotea baada ya hapo ni vigumu kuirudisha. Ukimpeleka yeyote kati yao, beba pakiti za dawa zote anazotumia, pamoja na kadi yenye TSH ya mwisho, tarehe yake, jina la maabara na dozi ya siku hiyo.